PM halikuuawa na kukosa matangazo

Mkuu, hiyo sentensi ifute kabla hujaendelea. Umeuliza historia ya gazeti la PM la New York uianzie wapi, uigawe sura ngapi na picha uzipate wapi, halafu hapohapo unatuambia jibu unalo tayari: lilikufa kwa sababu lilikataa matangazo ya biashara. Jibu hilohilo nami nilipewa, na lilinifanya nibomoe makala nzima hadi msingi.

Aliyenipa ni mhariri mmoja anayeheshimika. Alisema wasomaji hawataki hesabu, wanataka shujaa aliyekufa na msimamo wake. Hasira naye sijaimaliza mpaka leo, maana baadaye niligundua hakuwahi kufungua hata toleo moja la gazeti lenyewe!

Tazama miaka. PM lilianza Juni 1940 chini ya mwanzilishi na mhariri wake Ralph Ingersoll, bila matangazo, likiuzwa senti 5 wakati wapinzani wake jijini wanauza kwa senti 2 au 3. Haikupita miezi mingi fedha zikakauka. Tajiri Marshall Field III akanunua hisa za wawekezaji wenzake, akabaki mwenye mali peke yake. Tangu siku hiyo kila hasara ni yake. Nakala zilikuwa zinauzika kama 165,000, na hazikutosha kulilisha gazeti.

Sasa fika 1946. Matangazo yanaruhusiwa, Ingersoll anajiuzulu kwa kupinga. Kama ugonjwa ulikuwa kukosa matangazo, mbona dawa ilipokuja mgonjwa hakuinuka? Mwaka 1948 Field akaliachia, wamiliki wapya wakaligeuza New York Star, na Januari 1949 likafungwa moja kwa moja. Lilikufa matangazo likiwa nayo.

Hapo ndipo ilipo historia yako. Gazeti lililoapa kutowapigia magoti wafanyabiashara liliishi karibu miaka minane kwa mfuko wa tajiri mmoja. Simdharau Field, alivumilia kuliko wengi ambavyo wangevumilia. Lakini uhuru ule ulikuwa na mlipaji, na ukimficha mlipaji unamdanganya msomaji.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno moja la sifa, kwa kila mwaka andika nani alilipa karatasi, mitambo na mishahara. Kila mwaka, usiruke hata mmoja. Na usianze na majina makubwa. Najua yanavuta: katuni zaidi ya 400 za Dr. Seuss, picha za Weegee za usiku wa jiji, I. F. Stone akiripoti. Ukiingia kwa mlango huo utaandika kurasa na kurasa za kusifia, na swali la nani alikuwa analipa hutalifikia kabisa.

Chora mstari wa 1940 hadi 1949, weka jina la mlipaji chini ya kila mwaka, kisha uulete hapa tuukague kabla hujaanza sura ya kwanza.