Ukitaka kuona virusi vikubwa vikizaliana, jifunze kusubiri

Anayeanza kukuza virusi vikubwa huwa namwambia jambo moja kabla hajagusa chupa: weka kando chujio. Lile la mikromita 0.2, tunalotumia kila siku kwa virusi vya kawaida, litakuachia maji matupu. Mimivirusi, mmojawapo wa virusi hivyo vikubwa, ina upana wa nanomita 500 hivi, na ukihesabu nywele zinazoizunguka unafika 750. Ndiyo maana ilipopatikana mwaka 1992 kwenye mnara wa kupozea maji huko Bradford, Uingereza, ilidhaniwa ni bakteria. Ilitangazwa kuwa kirusi mwaka 2003.

Ukubwa huo ndio pia unaoiingiza ndani ya amiba, kiumbe cha seli moja tunachokikuzia kirusi hiki. Amiba aitwaye Acanthamoeba hula bakteria, na kitu cha saizi hiyo kikimgusa hukimeza. Kirusi kinangoja kuliwa tu. Kwa hiyo hangaikia amiba kwanza, kirusi baadaye. Mimi hutazama chupa kwa hadubini kabla ya lolote: amiba wakiwa wametandaa chini, na kile kifuko cha maji ndani yao kinajaa na kunywea, endelea. Wakiwa wamejifungia kwenye sisti, yaani maganda ya kujikinga yenye kuta mbili, usipoteze virusi vyako. Anza na amiba wachanga. (Na kama unavaa lenzi za macho, tafadhali vaa miwani siku ya kazi. Acanthamoeba anaweza kuharibu konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho.)

Wape virusi muda wa kumezwa, kisha osha vilivyobaki nje, ili amiba wote waanze safari pamoja. Usipoosha, baadaye utaona hatua zote zimechanganyika na hutajua unatazama nini.

Sasa inakuja sehemu inayowakatisha watu tamaa. Ndani ya kifuko kilichokimeza, kona moja ya gamba la kirusi hufunguka kwa umbo la nyota yenye ncha tano. Utando wa ndani wa kirusi huungana na utando wa kifuko, na mfuko wenye DNA huteleza hadi kwenye saitoplazimu, ule ute unaojaza amiba nje ya kiini. Baada ya hapo, kwa saa kadhaa, huoni kitu. Usimwage! Mfuko ule umebeba vimeng'enya vyake vya kutengeneza RNA, kwa hiyo kazi imeshaanza bila kungoja kiini cha amiba.

Baada ya saa 4 hadi 6, paka rangi ya DAPI, inayoifanya DNA ing'ae chini ya hadubini. Pembeni ya kiini utaona doa la pili linalong'aa, nalo litazidi kukua: hicho ndicho kiwanda cha virusi. Kufikia saa ya 8 magamba mapya yanachipuka kwenye kingo zake. DNA hupakiwa kupitia tundu jingine, upande ulio mkabala na nyota, na nywele huja mwishoni. Kisha amiba huviringika, hubanduka na kupasuka, na mmoja anaweza kutoa virusi zaidi ya 300.

Ratiba hii usiibebe kwa kila kirusi kikubwa. Pandoravirusi, kirusi kikubwa kingine, kwa mfano, huvuruga kabisa kiini cha amiba.

Na mavuno yakishuka ghafla, magamba yakitoka yamepinda, usikimbilie kulaumu chakula cha amiba. Tafuta kirusi kidogo kinachodandia kiwanda hichohicho, kama Sputnik iliyoelezwa mwaka 2008.