Maswali yenu: Kwa miguu hadi kanisa la Mreno, Malindi

*Mama yangu anaumwa magoti. Ataweza kufika kwa miguu? (Binti, Kilifi)*

Atafika, mwanangu. Hakuna kilima cha kupanda. Anzeni soko la samaki asubuhi, jua halijawa kali, mshike njia ya ufukweni kuelekea kusini. Hata kwa mwendo wa mzee, nusu saa haifiki. Mwaka jana nilikwenda na shangazi yangu na mkongojo wake. Tulipumzika mara mbili, na ya pili ilikuwa kwa ajili ya dafu.

*Nasikia ni kijumba tu. Kuna nini cha kuona? (Kijana, Gede)*

Ni kidogo kweli: kuta nene, paa la makuti, mlango mwembamba. Ila ingia, nyamaza kidogo, uone ubaridi wa zile kuta unavyokupokea. Kisha toka uzunguke makaburini, usome jiwe moja moja. Wamelala pale watu waliofia mbali na kwao. Ndiyo maana huniuma kumkuta mtu amekalia kaburi apigwe picha. Tafadhali, msifanye hivyo.

*Mimi ni Mwislamu. Si vibaya kuingia? (Dada, Mambrui)*

Karibu sana, dadangu. Leo ni mahali pa makumbusho, na hakuna atakayekuuliza dini. Padri Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akienda Goa, India; yeye na wenzake wakamzika hapa mtu aliyekufa melini mwao. Kwenye barua yake ya mwaka huohuo anasema Waislamu wa mji walipendezwa na yale mazishi. Tena mheshimiwa mmoja wa mji alimlalamikia kwamba katika misikiti 17, iliyokuwa ikisaliwa ni 3 tu! Napenda sana habari hiyo: watu wa imani mbili wanaelezana yanayowasumbua moyoni. Ukirudi mjini pitia makaburi ya nguzo kwenye Msikiti wa Ijumaa. Lile lenye nguzo ndefu zaidi ni la zamani kuliko kanisa lenyewe, na yote ni ya kwetu.

*Nguzo ya Vasco da Gama iko mbali na hapo? (Baba wa watoto wawili, Watamu)*

Ni mbele kidogo tu, juu ya mwamba unaoingia baharini. Da Gama, yule baharia Mreno, alifika hapa Aprili 1498, na ule msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Ureno. Mkienda wakati wa kusi, washikeni watoto mkono. Mawimbi hurusha maji hadi juu na mwamba huteleza.