Muulize Bibi Shamba: Mfuko wa tatu wa urea, niweke?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Ninalima mahindi Mbozi, eka tatu zilizopakana. Msimu uliopita nilipanda mbegu moja, siku moja, na kila eka ikapata mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia. Kwenye kukuzia ndipo nilipotofautisha: eka ya kwanza sikuweka mbolea ya urea, ya pili mfuko mmoja, ya tatu miwili. Nilimwaga yote kwa mkupuo, juu ya udongo, mahindi yalipofika magotini. Urefu nilipata sentimita 168, 229 na 241. Baada ya kupukuchua, mzani ulisoma kilo 640, 1,100 na 1,330. Jirani ameipenda ile eka ya tatu, anasema mwakani niweke mifuko mitatu. Nimsikilize?
Mkulima kijana, Mbozi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, kuacha eka moja bila urea. Huwa naambiwa "mbolea imefanya kazi", nikiuliza kuliko nini, kimya.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kirutubisho cha naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko wako wa kwanza uliongeza mahindi kilo 460. Gawa kwa 23: kila kilo ya naitrojeni ilikuzalia kilo 20 za mahindi. Wa pili uliongeza kilo 230, kwa hiyo kila kilo ilikuzalia 10. Imeshuka nusu, na wa tatu usitarajie upande tena. Chukua bei uliyouzia kilo ya mahindi, zidisha kwa 230, toa bei ya mfuko na kibarua. Kilichobaki ndicho mfuko wa pili ulichokuachia.

Sasa tazama futi yako ilivyosema. Mfuko wa kwanza ulirefusha mahindi sentimita 61, wa pili 12 tu. Ungeishia kwenye urefu ungesema wa pili haukufanya kitu. Mimi nilikosea kinyume chake. Nikiwa bibi shamba mgeni, kwenye shindano la kikundi nilimpa ushindi mkulima mwenye mahindi marefu kuliko wote. Yalikuwa membamba, yamebanana. Upepo wa wiki iliyofuata uliyalaza chini, na nilipita njia ile kwa aibu msimu mzima. Tangu hapo napima na unene: nazungusha uzi kwenye shina, pingili ya kwanza juu ya ardhi, kisha naunyoosha kwenye rula. Urefu pima kutoka udongoni hadi mbelewele inapoanzia, mimea 20 katikati ya shamba. Ya pembezoni iache, inapata jua na nafasi kuliko wenzake.

Hata hizo kilo zako nina wasiwasi nazo. Je, mahindi ya eka zote yalikauka sawa? Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi 13.5 zinabaki kama 92 na nusu. Usipokuwa na kipimo, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado mabichi.

Lakini kilichonisumbua zaidi kwenye barua yako ni hilo neno "juu ya udongo". Urea ikilala juani kwenye udongo wenye unyevu, sehemu yake inageuka hewa ya amonia na kupaa. Nyingine mvua kubwa inaizamisha chini ya mizizi. Basi huenda mfuko wako wa pili haukuwa mzigo kwa mahindi, haukuyafikia wote.

Jirani mwambie asubiri. Mwakani weka mifuko ileile miwili: mmoja mahindi yakiwa magotini, wa pili siku chache kabla mbelewele hazijatoka, udongo ukiwa na unyevu. Chimba kijishimo cha sentimita 5, mbali na shina kama kiganja, kisha fukia. Katikati ya awamu hizo mbili angalia majani ya chini. Yakianza kuwa njano kutoka nchani, njano hiyo ikifuata uti wa jani kama herufi V, naitrojeni imepungua, usingoje tarehe.

Na hiyo sehemu isiyowekwa urea, mistari mitano inatosha. Ukiacha eka nzima tena, mama watoto ataniandikia yeye.