Kupanga Matundu ya Keekee Nyingi: Niliyojifunza Katika Karakana Yetu ya Ngamiani

Karakana yetu ipo Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi matundu ya shelfu tuliyatoboa kwa keekee ya mkono, tukiongozwa na kipande cha plaiwudi kilichotobolewa mapema. Tuliponunua mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) iliyokwisha kutumika, yenye kichwa cha keekee 11, nilidhani kazi iliyobaki ni kuchora matundu kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe. Ilinigharimu bodi kadhaa za melamini, ambazo leo ni vifuniko vya mapipa ya maji, kuelewa kwamba programu hutunza picha mbili tofauti: matundu unayoyataka, na mahali kila keekee ilipo kichwani. Keekee nyingi hushuka kwa pamoja pale tu picha hizo mbili zinapolingana.

Kipimo kinachotawala kazi hii ni milimita 32, utaratibu uliotokea Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili na ambao watengenezaji wengi wa bawaba na reli za droo wanaufuata. Matundu ya pini za shelfu huwa na kipenyo cha milimita 5, yakiachana kwa 32 kutoka kitovu hadi kitovu, na safu ya mbele hukaa milimita 37 kutoka ukingo wa mbele. Keekee za kichwani nazo zimeachana kwa 32. Kichwa chetu kina keekee 7 katika mstari wa Y na 5 katika mstari wa X, ile ya kona ikihesabiwa pande zote mbili.

Kosa langu la kwanza lilitokana na mchoro niliopewa na mteja, uliochorwa kwa inchi, ambamo matundu yaliachana kwa inchi moja na robo. Kwa macho huwezi kugundua tofauti, lakini inchi moja na robo ni milimita 31.75, na kufikia tundu la saba upungufu unakuwa milimita 1.5. Programu ilikataa kuyakusanya matundu hayo, ikatumia keekee moja kutoboa tundu baada ya tundu, nami nikashinda asubuhi nzima nikiilaumu mashine. Kumbe afadhali ilivyokataa. Katika mipangilio yake kuna kiwango cha tofauti inayovumilika kati ya tundu lililochorwa na keekee iliyopo, na mtu akikipandisha ili mashine iharakishe, matundu yatatobolewa palipo na keekee wala si pale yalipochorwa. Kwetu kiwango hicho ni milimita 0.1, na anayetaka kasi anarudi kusahihisha mchoro.

Jambo la pili ni idadi ya matundu, na hapa ndipo muda mwingi unapopatikana. Chukua ubavu wa kabati wenye urefu wa milimita 720. Zamani nilikuwa nikiweka matundu 22, yaani nafasi 21 za milimita 32 zinazofanya 672, na milimita 24 zikibaki kila mwisho. Kwa keekee 7, matundu 21 yanakamilika kwa mishuko mitatu, kisha kichwa kinashuka mara ya nne kwa ajili ya tundu moja la mwisho, ambalo kwa kweli sijawahi kumwona mteja akiweka shelfu hapo. Nikaliondoa. Sasa nafasi 20 zinafanya 640, zinabaki milimita 40 kila mwisho, na kichwa kinasogea milimita 224 baada ya kila mshuko. Kabati lenye pande mbili na safu mbili kila upande lilihitaji mishuko 16. Sasa linahitaji 12. Faida ambayo haikupotea ni kwamba nafasi za miisho zikilingana, ubavu wa kulia na wa kushoto unaweza kugeuzwa bila shelfu kuyumba.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inakubali tu iwapo bodi imelazwa mezani kwa upande unaofaa. Safu ikilala sambamba na mstari wa X, keekee zinazoweza kuifuata ni 5, na matundu 21 yatadai mishuko mitano.

Kuhusu kuipa programu mahali pa keekee, usiviamini vipimo vilivyoandikwa na mmiliki wa awali. Chukua kipande cha bodi, toboa tundu moja kwa spindeli kuu (mhimili mkuu wa mashine unaozungusha kifaa cha kukatia) na jingine kwa keekee namba 1, ukiiamuru mashine iyaweke milimita 100 mbalimbali. Ikiwa yote yana kipenyo cha milimita 5, pima kwa kalipa kati ya kingo zinazotazamana: unapaswa kupata 95. Tofauti utakayoiona ndiyo utakayoisahihisha kwenye jedwali la programu la mahali pa keekee, kisha unatoboa tena. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kosa la milimita 0.6 likageuka kuwa 1.2, na hiyo ni dalili ya wazi kwamba umejumlisha palipotakiwa kutoa. Rudia kwa X na kwa Y.

Katika kichwa cha namna hii keekee zilizo jirani huzunguka kinyume, kwa kuwa giya moja huzungusha nyingine. Kwa hiyo kuna biti (vyuma vya kutobolea vinavyofungwa kwenye keekee) za kulia na za kushoto, na katika seti tulizonunua za kulia ni nyeusi na za kushoto nyekundu. Kijana wetu mmoja alizichanganya. Tulijua kwa harufu ya kuungua kabla ya kuona moshi. Vilevile zinoeni kwa seti nzima. Biti mpya zetu zina urefu wa milimita 70, na ukiinoa moja ikabaki 68.5, tundu lililokusudiwa kwenda chini milimita 12 litaishia 10.5, kwani kundi zima hushuka kwa kina kimoja na jedwali haliwezi kuinusuru biti iliyo fupi.

Tundu likikosekana katikati ya safu ilhali mchoro hauna kasoro, tazameni hewa ya kompresa, inayosukuma silinda za kushusha keekee, kabla ya kompyuta. Unyevu wa pwani yetu hujikusanya kwenye tangi la kompresa, na maji yakifika kwenye silinda, keekee hukwama juu. Tangi humwagwa maji kila asubuhi.

Limebaki suala la ile 37. Kipimo hicho huhesabiwa kutoka ukingo uliokwisha kubandikwa utepe, na vibao vya bawaba hufungwa kwenye safu hiyohiyo, matundu yake mawili yakiwa yameachana kwa 32. Sisi hutoboa kabla ya kubandika, na utepe wetu una unene wa milimita 1, hivyo kwenye mchoro tunaandika 36. Mteja akichagua utepe wa milimita 2, tunaandika 35, na namba hiyo huandikwa kwa penseli kwenye bodi ya kwanza kabla haijapanda mezani.