Perth ni mji wa alfajiri: ushauri kwa anayekuja kututembelea

Ndugu wanaokuja kunitembelea Perth, katika jimbo la Australia Magharibi, huniuliza swali lilelile kabla wiki haijaisha: mbona mji umepoa hivi? Wametoka Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, na kwao usiku ndio wakati wa kutoka, kula mishikaki na kupiga soga mpaka saa sita. Hapa siku za kazi, ikifika saa mbili usiku, mitaa mingi ya katikati imeshatulia na maduka mengi yamefungwa zamani. Huwajibu kuwa wameukuta mji umeshamaliza siku yake. Mwezi wa Desemba jua huchomoza saa kumi na moja na dakika chache alfajiri, na ukienda ufuko wa Cottesloe muda huo utakuta wazee kwa vijana wameshaingia majini, wengine wanatoka, wengine wamepanga foleni ya kahawa taulo zikiwa mabegani. Ukitaka kuufaidi mji huu, lala mapema uamke nao.

Yote yanatokana na upepo. Kati ya Desemba na Machi, asubuhi upepo hutoka mashariki, upande wa bara, na bahari huwa shwari kabisa. Mchana joto hupanda, na siku nyingine hupita nyuzi 40. Alasiri upepo hugeuka na kuvuma kutoka baharini, kusini-magharibi, nao ndio ambao wenyeji wanauita Fremantle Doctor, yaani Daktari wa Fremantle, mji wa bandari ulio jirani, kwa jinsi unavyowaponya na joto. Kwa aliyekaa barazani kwake ni neema. Kwa aliye ufukweni ni mchanga machoni na mawimbi yaliyovurugika. Aliyekulia pwani akisikia habari za kusi na kaskazi hahitaji maelezo marefu. Asubuhi nenda baharini, mchana kaa kivulini au ingia jumba la makumbusho, jioni rudi ufukweni kutazama machweo. Hayo machweo usiyakose. Bahari ni yetu ileile, Bahari ya Hindi, lakini huku iko magharibi, kwa hiyo jua ambalo tumezoea kuliona likitoka majini, hapa huzama majini. Mama yangu alipoliona pale ufuko wa Scarborough mara ya kwanza alikataa kuondoka mpaka giza lilipoingia kabisa, na kesho yake akataka turudi.

Kuhusu kuogelea nitasema kwa msisitizo, maana kuna wageni wengi wanaojiona wanaijua bahari kwa sababu wamezaliwa kando yake. Fuo za Perth nyingi hazina mwamba wa matumbawe wa kuzuia mawimbi kama ule wa kwetu. Kuna mikondo inayokuvuta nje ukiwa umesimama kwenye maji ya kiunoni tu. Ogelea kati ya bendera za nyekundu na njano ambazo waokoaji wanasimika, na kama hakuna bendera, usiingie peke yako. Mkondo ukikuchukua, usipambane nao. Elea, nyosha mkono, na ukiweza ogelea kwa ubavu kuambaa na pwani mpaka utoke ndani yake. Wenye watoto wadogo waende Mettams Pool, ambako miamba imezingira maji yakatulia, au Rockingham kusini ya mji. Mimi mwenyewe napenda Coogee, mbele kidogo ya Fremantle, kwa sababu mabaki ya meli ya Omeo yamezama hapo karibu sana na ufuko. Unavaa miwani ya kupigia mbizi, unapiga mikono kidogo tu, na samaki tayari wamekuzunguka. Maji ni baridi kuliko ya Pangani au Diani, hilo lijue. Na mafuta ya kujikinga na jua upake hata kama ngozi yako ni nyeusi. Jua la Australia ni kali kweli, na mtu mweusi naye huungua.

Asubuhi nyingine usiende baharini, panda Kings Park. Ni bustani iliyo juu ya kilima, hekta 400 na ushee, na sehemu kubwa yake ni pori la asili lililoachwa kama lilivyokuwa. Kutoka pale unauona mto Swan, ambao Wanoongar, wenyeji wa asili wa eneo hili, wanauita Derbarl Yerrigan, ukitanuka chini ya majengo marefu ya mji. Wageni wengi hupiga picha hapo kisha wakaondoka. Nawaomba waendelee kutembea mpaka waukute mbuyu. Naam, mbuyu. Australia ina aina yake moja ya mbuyu, unaoota kaskazini-magharibi katika eneo la Kimberley, na huu wa Kings Park uliletwa kutoka huko mwaka 2008, ukasafiri kwa lori zaidi ya kilomita 3,000. Ulikuwa mahali ambapo barabara ilitakiwa kupita, na Wagija, watu wa eneo hilo, ndio walioukabidhi na kuuaga. Wanauita Gija Jumulu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 750. Shina lake nene na matawi yake yaliyochanua juu ni yaleyale tunayoyajua tangu utotoni, na kila ninapompeleka mtu wa nyumbani hapo, hunyamaza kidogo kisha huugusa kwa macho kabla ya kuuliza lolote. Msiuguse kwa mikono. Ni mti unaotunzwa kwa uangalifu mkubwa. Mkija Septemba mtakuta na maua ya mwituni ya jimbo zima yamepandwa sehemu moja, na nadhani hakuna saa mbili za bure zilizo bora kuliko hizo mjini humu.

Usafiri ni rahisi. Nunua kadi ya SmartRider, iguse kwenye mashine ukipanda na ukishuka. Katikati ya mji kuna eneo ambalo mabasi na treni hulipii, na mabasi yaitwayo CAT huzunguka humo bure siku nzima. Kutoka gati la Elizabeth Quay panda kivuko kwenda South Perth, hasa jioni. Ni safari ya dakika chache, lakini upande wa pili unakuta nyasi kando ya mto, mabata maji weusi shingo ndefu, na majiko ya umeme ya kuchomea nyama yaliyowekwa na halmashauri kwa ajili ya kila mtu. Unabonyeza kitufe, bati linapata moto, unachoma. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Familia zetu nyingi hapa zimegeuza Jumapili kuwa siku ya majiko hayo: kuku aliyelala kwenye ndimu na tangawizi usiku kucha, kachumbari kwenye bakuli kubwa, watoto na baiskeli zao. Mila ya mahali ni kwamba ukimaliza unalifuta jiko likabaki safi kwa anayekuja. Mkaa uache nyumbani; kiangazi kuna siku za marufuku ya moto, na adhabu yake si ndogo, kwa kuwa moto wa msituni huku huua watu na kuteketeza nyumba.

Fremantle ni nusu saa kwa treni, na ningeipa siku nzima. Nenda kati ya Ijumaa na Jumapili, soko lake la tangu 1897 linapokuwa wazi. Gereza lililojengwa na wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza lilifungwa mwaka 1991, na sasa unaweza kutembezwa ndani. Lakini kama una muda wa kitu kimoja tu, ingia makumbusho ya meli zilizozama. Humo kuna sehemu ya ubavu wa meli ya Kiholanzi ya Batavia, iliyogonga mwamba visiwa vya Abrolhos mwaka 1629 ikielekea Java. Waholanzi walikuwa wakipita Rasi ya Tumaini Jema, wanashika pepo kali za kusini zinazowasukuma mashariki, kisha wanatakiwa kugeuka kaskazini kwa wakati. Asiyegeuka kwa wakati alikutana na pwani hii. Mtu wa mwambao aliyesimuliwa habari za majahazi na misimu yake atazielewa mbao zile kuliko watalii wengine wote chumbani humo.

Sasa kisiwa. Kila tangazo la Perth litakuonyesha Rottnest, na kwenye tangazo hilo atakuwepo kwoka, mnyama mdogo wa jamaa ya kangaruu, mwenye uso unaoonekana kama anatabasamu. Nenda, ni pazuri kweli. Boti kutoka Fremantle huchukua nusu saa hivi. Magari ya binafsi hayaruhusiwi, kwa hiyo kodi baiskeli, na hapa tena fuata upepo: kijiji kiko upande wa mashariki, basi asubuhi upepo wa bara unakusukuma kuelekea rasi ya magharibi, na alasiri upepo wa bahari unakurudisha. Anayefanya kinyume atatoka jasho mara mbili. Beba maji ya kutosha na kofia, maana vivuli ni vichache. Kwoka usimlishe wala kumgusa. Sheria inakataza, na vyakula vyetu vinamdhuru.

Ila kisiwa hicho kina jina la kwanza, Wadjemup, na kina historia ambayo matangazo huipitia juujuu. Kuanzia 1838 mpaka 1931 kilikuwa gereza la wanaume na vijana wa Waaborijini waliokusanywa kutoka jimbo zima, maelfu yao, wengi wakiwa hawajawahi kuiona bahari. Mamia walifia hapo na kuzikwa bila alama. Kwa miaka mingi baadaye watu wa likizo walipiga mahema juu ya makaburi hayo bila kujua au bila kujali, na jengo la gereza lenyewe lilikuwa nyumba ya wageni mpaka 2018. Leo eneo la makaburi linaheshimiwa na lina vibao vya maelezo. Sisi tunaotoka pwani ambayo Bagamoyo na Mangapwani zimo tunajua maana ya kusimama mahali kama hapo. Kabla ya kuchukua baiskeli, nenda makaburini kwanza. Simama, soma, omba dua yako. Halafu nenda ukaogelee; sioni kama mambo hayo mawili yanagombana, lakini mpangilio wake una uzito.

Kwa Waislamu: msikiti mkongwe wa Perth uko William Street, Northbridge, karibu kabisa na katikati ya mji. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1905, na waliouchangia ni wachunga ngamia na wafanyabiashara kutoka Afghanistan na India, waliobeba mizigo kwenda migodini jangwani kabla ya reli na malori. Ukimaliza swala, mtaa huohuo una migahawa ya kila aina ya Asia kwa bei ya kuvumilika. Anayetamani ugali aende kitongoji cha Mirrabooka, kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Utapata unga, maharage, mawese, kisamvu cha barafu, na mara nyingi utasikia Kiswahili cha Kongo au cha Burundi kabla hujafika kwenye mizani. Salimia. Nusu ya ninaowajua hapa nilijuana nao kwa salamu ya namna hiyo.

Mgeni wa siku chache huniuliza atawaona wapi kangaruu bila kulipa. Kuna makaburi makubwa ya Pinnaroo Valley, kaskazini ya mji, ambako kangaruu hula nyasi kati ya makaburi. Wapo asubuhi na jioni. Nenda kimya, kaa mbali na familia zilizokuja kuzuru wapendwa wao, na usipige picha penye mazishi.

Msimu nao una neno. Wanoongar wanaugawa mwaka katika misimu sita, na kalenda yao inaieleza Perth vizuri kuliko misimu minne ya Wazungu. Bunuru, Februari na Machi, ndiyo kilele cha joto. Kama si mzoefu, epuka. Makuru, Juni na Julai, ni mvua na baridi inayoshangaza watu waliokuja na kandambili tu. Ningekuchagulia Djeran, yaani Aprili na Mei, pepo zinapopoa na bahari bado ina uvuguvugu, au Septemba na Oktoba kwa ajili ya maua.

Ukibaki na siku ya ziada, kodi gari. Huku pia tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo hutahangaika. Mji wa Margaret River ni mbali, kama saa tatu kusini, usiende kwa siku moja. Nenda Pinnacles, ndani ya hifadhi ya Nambung, saa mbili kaskazini: maelfu ya nguzo za mawe ya chokaa zimesimama kwenye mchanga wa njano, na chokaa hiyo asili yake ni makombe ya bahari ya kale. Toka mjini saa kumi na moja alfajiri ili ufike vivuli vikiwa bado virefu, kisha kula kamba kochi mji wa Cervantes mchana. Anza kurudi mapema. Jua likishaanza kushuka kangaruu hutoka porini na kuvuka barabara bila onyo, na kumgonga mmoja kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni ajali kamili. Ukiona umechelewa, tafuta chumba Cervantes ulale, uondoke kukicha.