Je, ni dhambi kumpeleka mume Dawati la Jinsia?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Tunaishi Tanga, nina miaka 11 kwenye ndoa, na mume wangu ananipiga. Mara tatu wazee wa kwao wamekaa kikao, ameomba radhi, tumeendelea. Mara ya mwisho mwanangu wa miaka 7 aling'ang'ania kanga yangu akilia baba amwachie mama. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia niende Dawati la Jinsia, kituo cha polisi. Mama mkwe anasema mwanamke anayemfikisha mumewe polisi ameivua ndoa sitara, na radhi za Mungu hazipati. Je, nikienda nitakuwa nimepata dhambi?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, binti yangu. Hupati dhambi. Nimelitanguliza hilo ili leo ulale.

Habiba bint Sahl alikuwa mke wa Thabit bin Qays, Madina. Abu Dawud amepokea kwa Bibi Aisha kwamba Thabit alimpiga mpaka akamvunja. Na katika Muwatta ya Imam Malik imekuja kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka kwenda kuswali alfajiri akamkuta Habiba mlangoni kwake, kiza bado hakijaondoka. Thabit hakuwa mhuni wa mitaani; alikuwa khatibu wa Mtume, mtu wa heshima kubwa. Mtume hakumuuliza Habiba kwa nini ametoa siri ya nyumba, wala hakumwambia arudi akavumilie. Alimwita Thabit, akamwamuru apokee bustani alizompa mahari na amwache mke.

Mlango ule ndio uliokuwa mlango wa serikali pale Madina: Mtume ndiye aliyekuwa kadhi na kiongozi wa mji. Habiba alifanya kile kile ambacho mama mkwe wako anakukataza. Na hakuwa peke yake. Katika hadithi nyingine ya Abu Dawud, wanawake wengi walizizunguka nyumba za Mtume wakiwashitakia waume zao, naye akasema waume hao si wabora wenu.

Sitara tuliyoamrishwa ni kumfichia Muislamu aibu yake. Dhuluma inayoendelea ni jambo jingine. Mtume alipoulizwa tutamsaidiaje ndugu yetu ikiwa yeye ndiye dhalimu, alijibu: kwa kumzuia asidhulumu. Ukimfikisha mumeo mahali atakapozuiliwa, umemsaidia hata yeye.

Najua utasomewa aya ya 34 ya Suratun Nisaa, inayotaja mume kumpiga mke anayemuasi. Ibn Abbas alipoulizwa juu ya kipigo hicho alisema ni kwa mswaki na mfano wake. Ataa bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka, alisema mume asimpige mkewe hata akimuasi, amkasirikie tu. Na Bibi Aisha ameeleza, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Anayetafuta ruhusa ya ngumi na mkanda katika aya hiyo hataipata.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma. Nimekaa miaka mingi katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Mama mmoja alikuja kwetu mara mbili, na mara zote mbili tulimwambia asubiri, mimi nikiwa wa kwanza kusema. Mara ya tatu alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka, kwa sababu wa kulia ulikuwa na plasta hadi kiwikoni. Tangu siku hiyo, mwenye alama ya kipigo simkalishi kikao kabla hajafika hospitali na polisi. Baraza ni la kupatanisha waliokosana, na kupiga ni jinai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Dawatini utapokewa na askari waliofundishwa kazi hiyo, mara nyingi mwanamke mwenzio. Omba PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, nenda nayo hospitali ungali na alama, na nakala yake iweke kwa mtu unayemwamini, isikae nyumbani. Mwanao ameona mengi. Mweleze ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Na mwenyekiti wako hakujiingiza katika yasiyomhusu. Tangu ulipoanza mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, kila mtaa unatakiwa uwe na kamati yake, na sisi viongozi wa dini tumo. Msikiti unaonyamaza mtaa ukisema, umeacha kazi yake.

Kuhusu wazee: aya ya 35 ya sura hiyo hiyo inataka mwamuzi mmoja kutoka watu wa mume na mmoja kutoka watu wa mke. Vikao vyako vitatu vilikuwa vya upande mmoja. Wakija tena wakaribishe, lakini baada ya kutoka polisi, na safari hii mjomba wako au kaka yako awe amekaa pale pale mkekani.