Anauza kuliko wote, ila anadanganya wateja

SWALI: Shikamoo dada. Naongoza timu ya mawakala wa bima ya maisha hapa Mwanza, kuna kijana anauza kuliko wote ila anawaambia wateja hela yao wataichukua muda wowote, na kwenye fomu mtu mwenye presha anamwandika mzima. Bosi anamsifia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mzuie leo hii. Bima nyingi za maisha zenye akiba ukizivunja mapema hupati kitu au unapata kiduchu, sasa mama wa sokoni aliyeahidiwa vingine akija akakuta patupu atautangazia mtaa mzima. Ila hiyo presha iliyofichwa ndo inaniuma zaidi, maana mteja akifariki na kampuni ikagundua inaweza ikagoma kulipa, watoto wanabaki mikono mitupu. Ongozana nae mpaka kwa hao wateja, taarifa zirekebishwe kwa maandishi hata kama malipo yatapanda. Halafu acha kumpima kwa alizouza mwezi huu, angalia ngapi bado zinalipiwa baada ya mwaka. Bosi akikataa andika barua kwa wakubwa wake, ikishindikana TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wapo, wao ndo wanasajili mawakala.